Muulize Mtoto Asichokiona Pichani

Hotuba kwa walimu wa shule za msingi, wakutubi na wazazi, Tanga

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wakutubi, na wazazi mliofunga biashara zenu asubuhi hii mkaja kutusikiliza: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo zangu. Nimeombwa nizungumzie vitabu vya picha na ushairi wa watoto, na nimepewa saa moja. Sitaimaliza yote, maana nusu ya kazi ya leo ni yenu na karatasi mmeshagawiwa.

Nianze na swali ambalo kila mwalimu hapa amewahi kuliuliza. Unafungua kitabu, unakiinua juu ili hata wa dawati la nyuma waone, unasema: "Mnaona nini katika picha hii?" Mikono inanyanyuka. Naona mti. Naona ng'ombe. Naona mama amebeba ndoo. Halafu unawaambia, haya, andikeni shairi. Ukikusanya madaftari unakuta orodha ya sokoni: mti, ng'ombe, mama, ndoo. Jioni tukikaa ofisini tunalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana ubunifu. Jamani, wamejibu walichoulizwa.

Ombi langu kwenu leo ni moja, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo. Muulize mtoto asichokiona. Nani hayupo pichani, na amekwenda wapi? Hapa pananukia nini? Mlango ule ukifunguka atatoka nani? Yule mbuzi anamwaza vipi bibi? Hayo hayamo kwenye karatasi. Mtoto atalazimika kuyatoa kichwani mwake, na akishaanza kuyatoa mtakimbizana naye.

Kitabu kizuri cha picha kimejengwa kwa namna hiyo hiyo. Maneno yanasema "Bibi alilala mchana," basi. Mchoraji naye amechora paka akiwa juu ya meza, mdomo umo ndani ya kikombe cha maziwa, na bibi ana tabasamu usingizini. Maneno hayajamtaja paka. Anayejua habari za paka ni mchoraji na mtoto, na wazazi mtakubaliana nami kwamba hakuna kitu mtoto anakipenda kama kujua jambo ambalo mkubwa anayemsomea hajaliona. Pengo hilo kati ya neno na picha ndipo shairi linapoingia. Vipo vitabu ambavyo picha inarudia tu neno, Juma ana mpira, na picha ya Juma na mpira. Hivyo vinafaa kufundishia herufi. Kwa kazi hii viwekeni kando.

Najua mnachotaka kusema. Vitabu viko wapi? Nina watoto themanini na kitabu kimoja, na hicho kimoja mwalimu mkuu amekifungia kabatini kisichakae. Nalijua kabati hilo. Lakini hali si ile ya zamani. Tangu 1991 Tanzania ina Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao umesaidia vitabu vingi vya Kiswahili kuchapishwa na kufika shuleni. Na tangu 2014 upo mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini na taasisi ya Saide, ambao umeweka mtandaoni hadithi zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Leseni yake ni huria. Unaruhusiwa kupakua, kuchapa, kutafsiri, hata kubadilisha maneno. Hebu lishikeni hilo la mwisho. Unaweza kuchapa picha ukayaacha maneno, ukabaki na kitabu chenye nafasi tupu chini ya kila ukurasa, na watoto wenyewe wakaijaza. Kama hakuna printa, nakili picha moja kwenye karatasi ya manila. Picha moja kubwa ubaoni inatosha darasa zima kwa wiki nzima.

Na msiogope kwamba hamjui kuchora. Niliwahi kuchora mbuzi kwenye manila, akatoka anafanana na mbwa. Darasa lilicheka mpaka nikataka kumfuta. Kabla sijamfuta, binti mmoja wa Darasa la Tatu akasema, "Mwalimu, huyo ni mbuzibwa." Hapo hapo kila mtu akataka kujua mbuzibwa analiaje. Nikaandika ubaoni kama walivyotamka:

Mbuzibwa wa bibi
mchana anakula majani,
usiku analinda banda.
Akimwona mwizi:
mee-bwe! mee-bwe!
Mwizi anacheka, anakamatwa.

Tazameni mstari wa mwisho. Kuna hadithi nzima pale, na imesimama kwa vitenzi viwili. Hakuna aliyewafundisha. Kama ningewaambia waandike kuhusu umuhimu wa mifugo, mngekuwa mnasikiliza jambo jingine sasa hivi.

Hapo nimegusa kidonda, nacho ni fundisho. Tumezoea kufunga kila kitabu kwa kuuliza, "Umejifunza nini?" Mtoto anajua jibu unalolitaka: nimejifunza kuwatii wazazi, nimejifunza uvivu ni mbaya. Ukimwambia aandike shairi, analeta fundisho lile lile limepangwa mistari minne. Halafu tuna ngonjera za mgeni rasmi. Mshairi Mathias Mnyampala alipozipa ngonjera sura yake katika miaka ya 1960, alikuwa na kazi maalumu ya taifa mkononi, na aliifanya vizuri. Lakini kumkaririsha mtoto wa miaka minane beti ishirini za kumshukuru mheshimiwa kwa matundu ya vyoo si kumfundisha utunzi. Mgeni rasmi mwenyewe mara nyingi huwa anasoma ujumbe kwenye simu.

Hata hivyo umbo la ngonjera ni tamu mno, tusiwaachie wageni rasmi peke yao. Ni watu wawili wanaojibizana, na sisi Waswahili kujibizana kwa shairi tumekuzoea tangu zama za mshairi Muyaka bin Haji pale Mombasa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilijaa washairi wanaotupiana mafumbo toleo kwa toleo. Sasa chukua ukurasa wowote wenye viumbe wawili, ugawe darasa katikati. Upande huu ni paka, upande ule ni panya. Paka anauliza, panya anajibu. Darasa moja la Tano tulianza ovyo, kila mtu anasema lake, kisha tukawa tunapiga makofi na kupunguza neno hapa, kuongeza pale, mpaka ikatoka hivi:

Ewe paka wa jikoni, mbona ndevu zasimama?
Nimezitia sabuni, nimwalike wako mama.
Mama yuko safarini, kenda kununua nyama.
Basi njoo wewe ndani, tumbo langu languruma!

Hesabuni silabi, yaani mizani: nane kwa nane, kina cha kati ni "ni", cha mwisho ni "ma". Nimewaletea ubeti huu makusudi, kwa sababu kuna watakaotoka hapa wakisema mzee yule ametuambia tutupe vina na mizani. Sijasema. Vita hiyo wakubwa wetu wameshaipigana. Sheikh Amri Abedi aliziandika sheria za kutunga mashairi katika kitabu cha 1954, na ilipofika 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa diwani isiyofuata vina wala mizani, watu wakagombana miaka na miaka. Darasa la Pili halihitaji kuchagua upande. Ninachosema ni kwamba mizani ianze kwenye viganja. Watoto wanaruka kamba kwa mizani, wanacheza rede kwa mizani. Piga makofi nao mstari wanaoupenda, kisha waulize mstari unaofuata una makofi mangapi. Ukianza kwa kuwaandikia ubaoni "vina ni silabi zinazofanana," umeshawapoteza. Na kumbukeni ule wimbo wa ukuti wa mnazi, ambao pwani nzima imeuimba ikiwa imeshikana mikono: sehemu ya "wa mnazi, wa mnazi" ina mizani nane kamili, lakini "ukipata upepo" ina saba. Mtihani ungeufelisha. Watoto hawajawahi kuulalamikia.

Nitumie muda zaidi kwenye sauti, maana hapo ndipo lugha yetu ina utajiri na sisi tunautumia kwa ubahili. Tunazo tanakali za sauti za kila namna. Mtu analala fofofo, analowa chapachapa, giza linaingia tii, shuka linakuwa jeupe pe. Kwenye mitihani tunazifanya maswali ya kujaza nafasi. Zirudisheni kwenye picha. Tafuta ukurasa ambao mchoraji amekiacha kitu hewani: embe limeponyoka mtini, halijafika chini. Anayechora hawezi kuliangusha. Litabaki hapo hapo maisha yote. Mtoto anaweza. Kijana mmoja aliandika hivi:

Embe limeponyoka.
Likianguka mchangani, tifu!
Likianguka mtoni, chubwi!
Likianguka kichwani kwa babu:
"Nani huyo?"

Mwalimu aliyekuwa naye alitaka kumsahihisha, kwamba mstari wa nne nao umalizike kwa tanakali, pengine "pu". Tulibishana kidogo, kwa heshima. Mtoto ameweka sauti mbili za kitu, halafu ya tatu akaweka sauti ya mtu, na mtu mwenyewe ana hasira. Akiandika "pu" umepata zoezi lililokamilika. Akiacha "Nani huyo?" umemwona babu ameshika kichwa anaangalia juu, na unajua kuna mtu mtini ambaye hapumui. Tukauacha.

Jambo jingine tulilobarikiwa nalo ni ukubwa na udogo wa majina. Darasani ni jedwali la kukariri: nyumba, jumba, kijumba, nyoka, joka, kijoka, mbwa, jibwa, kijibwa. Kwenye kitabu cha picha ni uchawi, kwa sababu wachoraji wa watoto hawafuati vipimo. Utakuta kuku ni mkubwa kuliko basi, au mtoto analala ndani ya kiatu. Waambie watoto waandike ukurasa huo mara mbili, kwanza kila kitu kikiwa kikubwa, kisha kila kitu kikiwa kidogo, na upatanisho ufuate. Sikilizeni:

Joka limeingia jumbani,
jumba likajaa joka.
Likapiga mwayo,
paa likaruka!

Kijoka kimeingia kijumbani,
kijumba kina nafasi bado.
Kikapiga kimwayo,
kidirisha kikatikisika.

"Kimwayo" sijakiona katika kamusi yangu, na sina haja nacho kamusini. Mtoto ameusikia mtiririko wa ki-ki-ki akaufuata hadi mwisho wa njia. Sarufi yetu yenyewe inagonga kina, kila neno linavutana na jingine kwa kiambishi chake. Huyo aliyeandika "kimwayo" ameielewa ngeli ya KI-VI kuliko nilivyoielewa mimi nilipopata alama zote kwenye mtihani wa ngeli.

Vitendawili mnavijua, sina haja ya kuvieleza. Ila jaribuni kuvitumia hivi: mtoto achague kitu kimoja kwenye picha, akipe mdomo kijieleze bila kujitaja jina, wenzake wakitafute. Picha ilikuwa ya darasa, na mmoja akatega:

Nina miguu minne, sitembei.
Nabeba watoto watatu, sichoki.
Jumamosi nalala peke yangu.

Ni dawati. Mistari miwili ya kwanza ni kitendawili cha kawaida. Wa tatu umepita hapo. Wakishindwa kutegua, "nipe mji" ibaki kama tulivyoirithi, na aliyepewa mji aandike alichokula huko: kapewa Muheza, atuambie machungwa. Watakaozoea mchezo huu watawachosha nyumbani, wazazi, nawaombeni radhi mapema.

Kuna watu wananiuliza, je, upuuzi haukuzidi? Mbuzibwa, joka linalopasua paa, kuna faida gani? Mimi nawarudisha kwa bibi zetu. Paukwa, pakawa! Halafu nini? Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, na mbele huko linakuja jino kama chikichi la kujengea kikuta. Jino linajengaje ukuta? Hakuna aliyeuliza. Tulikuwa tumekaa mkekani tunataka hadithi, na maneno yale yalikuwa mlango. Mababu waliuweka mchezo mbele ya hadithi, hata kama hadithi yenyewe ilikuwa na mauti ndani yake.

Sasa mambo ya darasani, haraka haraka.

Darasa la Kwanza hawajui kuandika bado, basi waseme wewe uandike, na uandike walichosema, si ulichotamani waseme. Kisha wasome maneno yao ubaoni. Kwa darasa la themanini, kila dawati litoe mstari mmoja, na kibwagizo kiwe cha wote. Ukifika ukurasa mtamu, funika unaofuata kwa karatasi. Waandike kitakachotokea kabla hujafunua. Mchoraji akiwa amefikiri tofauti na wao, wanamlaumu mchoraji, na mjadala huo una thamani kuliko maswali yangu yote.

Kuhusu kalamu nyekundu. Mtoto ameandika "mbuzi anakura majani". Najua mkono unawasha. Cheka kwanza, kama shairi linachekesha. Muulize mbuzi ana jina gani. R na L zitarekebishwa siku ya kunakili nakala safi, na atazirekebisha mwenyewe kwa furaha, maana sasa ana kitu anachotaka kisomeke. Nakala hizo zishoneni kwa uzi wa gunia, ziwekeeni jalada la boksi, zikae maktaba pamoja na vitabu vingine. Wakutubi mliopo hapa, nawasihi mzipe namba ya rafu kama kitabu chochote. Mtoto akija kuazima kitabu ambacho rafiki yake amekitunga, mwacheni aazime.

Na pale ambapo hakuna kitabu hata kimoja, picha zipo. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alianza kupaka rangi za mng'aro kwenye vipande vya ubao mwishoni mwa miaka ya 1960 pale Dar es Salaam, na mpaka leo ndege na chui wa mtindo wake wanauzwa barabarani. Chui wale wana macho ya kushangaa. Muulize mtoto, wameona nini? John Kilaka ametoka katika mkondo huo huo wa uchoraji akaupeleka kwenye vitabu vya watoto, na wanyama wake wanavaa nguo. Swali la kwanza la mtoto yeyote ni suruali ile sokwe ameazima kwa nani. Mpeni kalamu kabla hajajibiwa.

Nimebakiza picha iliyo karibu zaidi, nayo wengi wenu mmeivaa. Kanga ina pindo pembeni, ina mji katikati, na ina jina pale chini. Ukiitazama vizuri ni kitabu cha picha cha ukurasa mmoja: mchoro na mstari wa maneno, na mara nyingi mchoro na maneno havizungumzi jambo moja. Mjini kuna korosho, jina linamsema jirani. Watoto wameona kanga tangu wamebebwa mgongoni, na hakuna mwalimu aliyewahi kuwaambia kwamba hilo ni somo.

Nimekuja na kanga kadhaa za nyumbani, mke wangu anazihesabu, kwa hiyo zirudi zote. Majina nimeyafunika kwa karatasi na pini. Zitazunguka meza kwa meza. Tazameni mji wa kanga iliyo mbele yenu, msiniambie mnaona nini, kisha mwandike jina jipya la mstari mmoja. Masharti ni mawili: isiwe methali inayojulikana, na isimfundishe mtu yeyote adabu. Tuanzie meza ya wazazi, maana walimu wamezoea kutangulia. Aliyekosa kalamu aazime kwa jirani. Mna dakika kumi, na wewe mheshimiwa mwenyekiti pia.